Mkono Unaosahau Tonge

Kila ulipochomolewa kwenda kuchajiwa, mkono wa bandia wa Mbaruku ulisahau yote uliyofundishwa. Ukirudishwa begani, ulifinya tonge la ugali mpaka likatokea kati ya vidole. Basi mkewe, Zuwena, huvishika vidole vile na kuanza upya.

"Taratibu, baba Saumu. Kama unavyonishika shavu."

Siku moja fundi wa mkono ule alipita kuwasalimia. "Nilishaurekebisha tangu Ramadhani," akamwambia Zuwena mlangoni. "Hausahau tena."

Zuwena akacheka moyoni. Mtu mzima, kumbe anadeka!

Walipoketi kula, tonge likafinywa vilevile. Akamtazama mumewe ili amfumanie akitabasamu. Mbaruku alikuwa ameinamisha kichwa kwa aibu.

"Nisamehe, mama Saumu. Mkono umesahau tena."

Taratibu, bila kuamrishwa, vidole vya bandia vikamgeukia Zuwena, vikakunjuka, vikasubiri kushikwa.