Mkate Unaolia

Tabu alikuwa amekunja aproni yake, tayari kuacha kazi pale bekari. Mwenzake Mashavu hakandi unga bila kuimba, na kelele zile zilishamchosha. Lakini leo waokaji walikuwa wanafundishana, kila mmoja akimpa mwenzake ujuzi wake, na zamu ilikuwa yao wawili.

"Haya bubu wangu, nifundishe!" Mashavu akacheka.

Tabu akatoa mkate tanuruni. "Kitendawili."

Wote wakageuka. "Tega!"

"Kibichi hakilii, kikiiva ukikigonga kinalia."

"Mkate!" Mashavu akadakia. "Mbona sijawahi kuusikia ukilia?"

"Utausikia saa ngapi, shoga, na wimbo wako?"

Mashavu akauinamia mkate, akaugonga kitakoni. Ko, ko. Macho yakamtoka kwa furaha.

"Na wewe nifundishe huo wimbo," Tabu akasema, akijifunga aproni. "Ukikanda kwa wimbo, unga wako hulainika kuliko wangu."

Mashavu aligonga tena, kimya. Nyuma yake, sauti nyembamba ya Tabu ikaanza kuimba.