Hatamu ya Kanga

Bi Mwanakheri aliisuka hatamu ile kwa kanga zake mwenyewe, ili isimchubue Marijani. Farasi huyo mzee alikuwa ameokolewa kwenye gari la mawe, mgongo wote vidonda. Kila Ijumaa bibi alimpelekea pumba na sukari guru bandani kwa Sudi, mtunza farasi, naye Sudi alimwapia, "Huyu habebi tena kitu, bibi. Kazi yake kula na kulala."

Leo bibi alikwenda harusini kwa jirani. Ngoma zilikaribia, vigelegele vikapigwa, na bwana harusi akatokea juu ya farasi aliyefunikwa hariri. Bi Mwanakheri aliitambua hatamu kwanza, kisha mkono wa Sudi ulioishika.

"Ni leo tu, bibi," Sudi alisema, macho chini. "Wamelipa, na banda nalo linakula pesa."

"Mgongo umepona?"

Sudi aliivuta hatamu ili waendelee.

Marijani alisimama njiani, akasukuma pua kwenye pindo la kanga ya bibi, palipokaa sukari siku zote. Leo hapakuwa na kitu. Bwana harusi aliuliza kuna nini. Vidole vya Bi Mwanakheri vilikuwa vimeshafika kwenye fundo la hatamu.