Tusi la Kumi na Tisa

Tusi la kumi na tisa la asubuhi ile lilirushwa kabla chai haijapoa. Jepchirchir, mlezi wa wazee, alitazama saa akaandika kwenye daftari: saa tatu na dakika kumi.

Kigeorgia hakukijua. Lakini kidole kinachogonga meza mbele ya uso wa mtu hakihitaji mkalimani.

Vikongwe wawili kutoka Tbilisi, Georgia, waliishi pamoja katika nyumba hiyo ya Stechford, huko Uingereza. Natela alimfokea mwenzake kutwa. Eteri alikaa dirishani, akilishwa kwa kijiko, na kwa miezi minane Jepchirchir hakuwahi kumsikia akitamka neno. Ukutani zilitundikwa picha za malkia mwenye taji, uso umepakwa rangi nzito hata hautambuliki. Faili ilisema mmoja wao alikuwa mwigizaji mashuhuri wa jukwaani kwa miaka arobaini. Haikusema yupi, na Jepchirchir hakuona haja ya kuambiwa.

"Ulikuwa ukiigiza malkia?" alimuuliza Natela siku moja, kwa Kiingereza.

"Bila mimi hakuna mchezo," Natela alijibu. "Na wewe usimguse. Huyu ni wangu."

Gertrude, mlezi mwenzake, aliposimuliwa kwenye simu hakungoja mwisho. "Aki huyo shosho atamuua mwenzake. Ripoti, dada!"

Akaripoti. Alhamisi Harjit, ofisa wa ustawi wa jamii, alifika na mkalimani, na fomu ya kumhamishia Eteri kwenye makao ya wazee. Ilibaki sahihi tu. Natela hakuwasalimu. Alimwinamia Eteri, akasema sentensi moja, akangoja, akairudia.

"Mnasikia?" Jepchirchir alisema. "Ndivyo anavyomfanyia kutwa. Anamtukana nini?"

Harjit alikuwa ameshatoa kalamu. Mkalimani alisikiliza mara ya tatu, kisha ya nne.

"Anasema, 'Nimewazika wanangu watatu, na wewe waniletea maua?' Si tusi. Ni maneno ya mchezo. Ila anayasema makavu, kama wale wanaofichwa chini ya jukwaa kuwakumbusha waigizaji waliosahau."

Dirishani, Eteri alisimama bila kushikwa, akainua kidevu, akaipokea sentensi ile na kuendelea nayo kwa sauti iliyomfanya mpita njia ng'ambo ya barabara asimame.