Doa la Shigela

Siku Shigela alipofariki, mwili wake ulipelekwa kiwandani kugeuzwa almasi, kama sheria inavyotaka. Baada ya mwezi, mkewe Limi aliitwa kushuhudia almasi ya mumewe ikipimwa. Jiwe lisiloonyesha kasoro kwenye lenzi ya kukuza mara kumi hubaki serikalini. Lenye doa hurudi nyumbani.

“Pole, mama,” mpimaji alisema. “Kuna doa katikati, hata bila lenzi linaonekana.”

“Pole ya nini, mwanangu? Ahsante! Huyo ndiye mzee wangu hasa. Shati jeupe kwake halikufika saa nne bila mchuzi.”

Alimfunga kwenye pindo la kanga, akashukuru njia nzima.

Kila mwaka jiwe hupimwa upya. Mwaka huu wapimaji wamepata mashine ya kuondoa madoa.