Pamba Yenye Mbegu

Kifuko cha tatu nacho kilikuwa chepesi mno. Mwalimu alikiweka kwenye mizani ya jikoni, akasonya, akakitupa juu ya kiti, pamoja na vile viwili vya kwanza.

"Hicho nacho kina nini?" aliuliza dada yake mkubwa, ambaye alikuwa akifagia pamba chini ya meza kwa mara ya pili asubuhi ile.

"Hakina uzito. Hakitulii mahali pake."

"Daktari alisema ushughulishe mikono, mdogo wangu. Hakusema ugeuze sebule kuwa ghala."

Dada mtu alikuwa na haki ya kulalamika. Gunia la pamba isiyochambuliwa, zawadi ya shemeji yao mkulima, lilikalia kochi zima kama mgeni asiyejua kuaga. Pamba ilikuwa kwenye zulia, kwenye mapazia, na juzi alikuta unyuzi ndani ya chai yake. Mwalimu alisokota uzi mwenyewe kwa kijiti, akaufuma kuwa vifuko vya mviringo, akavijaza, akavipima, akavifumua, akaanza upya. Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado mzito kuinuka, kwa hiyo kazi ya saa moja ilimla saa tatu. Tangu utotoni alikuwa na kichwa kigumu, na ugonjwa haukumlainisha hata kidogo.

Aliyemtia moto zaidi ni Mwalimu Mkuu. Kwa miaka kumi na tisa Mwalimu alikuwa amefundisha kazi za mikono katika shule ile ya wasichana. Sasa, baada ya miezi mitatu ya likizo ya ugonjwa, alitaka kurudi kwa darasa lake la mwaka wa mwisho kabla halijafanya mtihani. Siku ya Alhamisi Mwalimu Mkuu alimpigia simu kumwambia kwamba darasa hilo angempa mtu mwingine.

"Wewe nitakuweka maktaba," alisema kwa sauti ya upole. "Kule hakuna wa kukusumbua."

"Darasani atanisumbua nani?"

Mwalimu Mkuu alikohoa. "Watoto wana macho, Mwalimu."

"Na mimi nina miguu. Jumatatu utanikuta ubaoni."

Hayo yalikuwa ya Alhamisi. Sasa ilikuwa Jumamosi, na mkononi hakuwa na kitu cha maana. Darasa lake lilikuwa na desturi moja: siku ya kwanza ya muhula, kila mwanafunzi alileta kitu alichokitengeneza nyumbani kwa mikono yake, na Mwalimu naye alileta chake. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuingia mikono mitupu.

"Si ununue tu cha dukani?" alisema dada yake. "Vipo."

"Nimeviona. Vya mpira, vinamtoa mtu jasho, na rangi yake haifanani na ya mtu yeyote ninayemjua."

Dada aliinua ufagio na kwenda jikoni kuisimulia sufuria, maana ndiyo pekee iliyokuwa ikimsikiliza siku hizo.

Mwalimu alichota pamba nyingine guniani na kuanza kutoa mbegu moja moja. Hilo lilikuwa somo lake la kwanza kila mwaka: chambua kwanza, mengine baadaye. Kuna msichana aliwahi kufumua mto mzima kwa sababu ya mbegu moja, tena akilia.

Ghafla vidole vyake vikasimama. Aliiangalia ile pamba ambayo hakuwa ameichambua bado. Akaiinua kwenye kiganja. Akafumba macho, mkono wa pili akiwa ameuingiza ndani ya mtandio aliojitanda, kama mwenye baridi, ingawa jua lilikuwa kali. Akaongeza konzi moja, akapunguza mbegu chache, akafumba tena. Mizani aliisukuma kando.

Dada aliporudi alikuta kifuko cha nne kinashonwa mdomo, pamba safi pembeni, mbegu tele katikati.

"Umesahau kuchambua."

"Sijasahau."

Alikuwa anacheka. Dada hakuwa amemsikia akicheka tangu mvua za mwanzo, na kwa furaha aliyoipata alisahau kumkaripia kuhusu zulia.

Jumatatu Mwalimu alivaa gauni la bluu, lile la kubana, ambalo miezi yote hiyo lilikuwa nyuma ya kabati. Dada alimsubiri mlangoni na mtandio mkononi.

"Jitande basi. Angalau siku ya kwanza."

"Sijitandi," alisema Mwalimu, akambusu shavuni, akaondoka.

Darasani madawati yalijaa: vikapu, soksi, vitambaa vya meza, kofia moja iliyokwenda upande. Mwalimu alipita akisifu na kukosoa, na ile kofia aliivaa kabisa wasichana wakavunjika mbavu. Mwalimu Mkuu alikuja akasimama mlangoni, mikono nyuma, kujionea mwenyewe. Mwalimu alimsalimia kwa kichwa na kuendelea.

Alipomaliza, kiranja alitazama meza ya mbele, ambayo haikuwa na kitu zaidi ya chaki.

"Na chako, Mwalimu?"

Mwalimu alivua kofia, akaja mbele ya meza, akasimama wima.

"Nimekuja nacho," alisema. "Miezi mitatu iliyopita madaktari walinikata titi moja." Alimtupia jicho mtu wa mlangoni, kisha akawageukia wasichana wake. "Nimeambiwa ninyi mna macho. Anayeona nililolitengeneza mimi ni lipi, anyooshe mkono."

Hakuna mkono ulionyooka.