Ukuta wa Mama Phuti

Jumanne, tarehe 6 Agosti 1985, Hunadi alikaa chini kabla ukuta haujaisha.

Hilo halikuwahi kutokea. Kila mwaka, mavuno yakishaingia ghalani, kijiji kizima kilimgombania awasiribie nyumba. Vidole vyake vilichora mawimbi yaliyofuatana bila kugusana, na udongo aliujua: si ule wa mtoni unaopasuka, bali ule wa kijivu wa nyuma ya uzio wa mgodi, wenye nyuzinyuzi, unaoshika kama nta na kung'aa jua likiupiga. Siku hiyo alikaa, tope limemfika viwikoni, akashika ubavu.

"Mama Phuti, ndiyo uzee huo?" mumewe, Lesetja, alimtania huku anashona kiatu.

"Nani kanizeesha kama si wewe? Niletee maji. Pumzi imegoma."

Pumzi haikurudi tena sawasawa.

Zahanati walisema kifua kikuu. Akameza vidonge miezi sita. Makohozi yakapimwa mara nne, na mara zote nne hayakuonyesha kitu. "Aendelee na vidonge," muuguzi akasema. Lesetja akauliza, vya nini, kama ugonjwa hauonekani? Akaambiwa asifundishe watu kazi. Wakubwa wana maneno mawili tu kwa mtu fukara: subiri, na rudi.

Wakarudi. Wakasubiri katika ukumbi ambao Hunadi mwenyewe aliusiriba, bure, mwaka zahanati ilipofunguliwa. Alipapasa michoro yake ukutani, akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi.

Mganga alisema marehemu shangazi anadai pombe yake. Wakapika pombe. Nabii alitoa chai ya baraka. Wakanywa chai. Hunadi akakonda mpaka pete ikawa inamvuka yenyewe.

Mwishowe wakafika hospitali kubwa, safari ya siku nzima. Daktari aliinua picha ya kifua dirishani, akaandika neno moja kwenye karatasi. Kisha akauliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiuliza.

"Mama, umewahi kufanya kazi mgodini?"

"Mimi? Nani angeniajiri?"

"Na mzee?"

"Huyu?" Hunadi akamtazama mumewe. "Huyu anaogopa hata choo cha shimo, ndiyo aingie mgodini!"

Mkalimani akacheka. Daktari hakucheka. "Hakuna mtu wenu yeyote wa mgodini? Hata wa kumfulia nguo?"

"Mimi fundi viatu, daktari," Lesetja akajibu. "Watoto wa kiume hatuna. Tuna binti mmoja, yuko shule."

Daktari akaishusha picha. Akachukua kalamu, akalikata lile neno kwa mistari miwili.

"Lilikuwa neno gani, daktari?"

"Halimhusu mkeo."

Wakapewa dawa ya maumivu, wakaambiwa warudi.

Agosti ilipofika tena, Hunadi alikuwa wa mkekani. Ukuta wa chumba chao ulikuwa bado nusu, vilevile alivyouacha. "Nitakufa na aibu hii mbele ya macho," alisema.

Basi Lesetja akafanya kazi ambayo mwanamume wa kwao haifanyi. Akachukua beseni, akapita penye tundu la uzio, akarudi na udongo wa kijivu. Akautwanga. Akauchekecha pale pale ubavuni pa mkeka, ili mgonjwa aone na kuelekeza.

"Bado una mabonge, Baba Phuti. Chekecha tena. Uwe kama unga."

Jirani yao, Mama Choene, akachungulia dirishani. "Jamani! Hunadi, umeletewa mke mwenza mwenye ndevu!"

Hunadi akacheka mpaka machozi. Lesetja naye akacheka, mvi zake zimezidi kwa vumbi. Akaumaliza ukuta kwa siku tatu. Mawimbi yake yalikwenda upogo kama nyoka mlevi, lakini mkewe alilala akiyatazama, na alisema ni mazuri.

Akafa Oktoba. Cheti cha kifo kiliandikwa: sababu za kawaida.

Za kawaida kwa nani? Lesetja hakuwa na elimu ya kulitafuta jibu. Binti yake, Phuti, akamwandikia barua tatu kwa wakubwa, na kila barua ilikuwa na swali moja: lile neno lililokatwa lilikuwa neno gani? Hazikujibiwa. Mgodi ukafungwa, mabwana wakahama na mafaili yao. Lesetja naye, kila Agosti, akausiriba upya ukuta wa marehemu ili usififie.

Agosti ya tano, gari jeupe likasimama kwenye uzio. Wakashuka watu wawili.

"Phuti! Bandika chai!" Lesetja akaita, kiatu kikamponyoka. "Barua imefika!"

Phuti alikuwa ndani anachekecha udongo, mtoto wake mgongoni. Alikohoa kidogo, akaitika.

Wageni walikuwa wamevaa nguo nyeupe zilizowafunika mwili mzima, glavu mikononi, barakoa nene usoni. Hawakuwa na barua. Walipigilia kibao kwenye uzio wa mgodi, kibao chenye picha ya fuvu na onyo kwamba vumbi la hapo huua mapafu, kisha wakashuka hadi langoni kwake. Hapo wakasimama ghafla.

"Karibuni ndani," Lesetja akawaambia. "Mje muone kazi ya marehemu mke wangu."

Hawakuingia. Mmoja wao, kwa sauti alikuwa mwanamke, aliutazama ukuta wa nje wa nyumba, uliokuwa ukimetameta. Akalitazama chekecheo la Phuti, aliyetokea mlangoni nalo mkononi. Kisha akageuka, akatazama chini bondeni: nyumba ya Mama Choene, kanisa, shule, zahanati, zote ziking'aa juani.

"Baba," alisema nyuma ya barakoa, "udongo huu mmesiribia nyumba ngapi?"