Alama ya Mistari Sita

"Soma!" alisema Zubery, akauegemea mlango ili usifunguke, rungu mkononi.

Mgeni aliinamia jivu lililotandazwa sakafuni. Humo Zubery alikuwa amenakili kwa kijiti alama ya Kichina yenye mistari sita. Ndiyo iliyokuwa chini ya kila barua ya Makame kutoka vitani Burma.

Mwaka ulikuwa 1951. Mwanakhamisi, mama yake Makame, alikuwa amepofuka, akahama Mbeya na kuja Ipogolo kukaa kwa mkwewe Zubery, aliyekuwa amemwoa marehemu binti yake. Ipogolo hakuna mwingine aliyewahi kumwona Makame. Mgeni huyu, mwenye kalamu mfukoni, alidai kuwa ndiye.

"Wa kwanza aliyejiita Makame naye alisema hivyo hivyo," alisema Zubery. "Akala siku tatu, akaondoka na blanketi langu. Wewe ukikosea, tunakwenda bomani sasa hivi."

"Mwache aseme, baba," alisema Mwanakhamisi kutoka kwenye mkeka.

Jasho lilimtoka mgeni. Kidole chake kiliifuata mistari mmoja mmoja, wa juu kwanza, bila kusita.

"Hili ni paa. Chini yake amekaa mwanamke. Mama akiwa nyumbani, pana amani. Mpishi mmoja Mchina alitufundisha, hospitalini Kalkuta."

"Basi, ndiyo hivyo tu?"

"Ina kazi nyingi, shemeji. Ukiiweka pamoja na usiku, unamtakia mtu alale salama. Pamoja na moyo, mtu ametulia. Katika vitabu vyao vya kale hata huuliza: wapi?"

Zubery aliweka rungu chini.

"Mama, ni yeye! Nani anaweza kutunga yote haya papo hapo?"

Mwanakhamisi alisogea mbele. Alipapasa hewani mpaka akaupata mkono wa mgeni, akaushika kwa nguvu.

"Barua ya kwanza nimesomewa mpaka nimeihifadhi," alisema. "Makame anasema alama hii hata yeye haijui. Kaichora mwenzake, yule anayemwandikia barua."

Mgeni alijaribu kuuvuta mkono wake. Mwanakhamisi hakuuachia.

"Nimekungoja wewe miaka yote hii, mwanangu. Niambie, mlimzika wapi?"